Mchango, Wakfu na Uvimbe wa Taya

Chama cha msingi kinapotoa fedha za hisani, mara nyingi hutoa kwa jambo linaloonekana: mabati ya shule, kisima, jeneza. Utafiti wa saratani adimu hauonekani. Mkulima wa Mbozi aliyengojea malipo ya kahawa yake ana haki ya kuuliza fedha za namna hiyo huzaa nini, na jibu limo katika historia ya Afrika Mashariki yenyewe.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Duniani kwa jumla saratani hiyo ni adimu. Katika ukanda wa malaria wa Afrika huwapata watoto wengi zaidi. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya wiki kumi na maili zipatazo 10,000, kwa gari kuukuu la pauni 250, wakiuliza kila hospitali kama inaujua uvimbe huo. Gharama zote hazikufika pauni 700, nazo zilitokana na misaada midogo midogo. Wakagundua kuwa ugonjwa huo hufuata nchi za joto na mvua na kukoma penye baridi, tofauti kama ile wanayoijua watu wa Songwe kati ya nyanda za juu za Mbozi na bonde la Ziwa Rukwa.

Mwaka huohuo, jijini London, Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia. Shirika la hisani la Uingereza la kupiga vita saratani, lililotegemea michango ya watu, lilimsaidia kufika Uganda. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Ni kweli kwamba fedha kubwa, dola 45,000, zilitoka serikali ya Marekani. Lakini zilikuja baada ya zile ndogo kufungua njia.

Sasa, mchango si wakfu. Mchango hutumika ukaisha. Wakfu ni mtaji usioguswa. Hutumika faida yake tu. Kwa mfano, shilingi 1,000,000 zikizaa asilimia 8 kwa mwaka, zinazotumika ni 80,000. Kwa chama kimoja kiasi hicho ni kidogo mno kwa utafiti, hivyo jambo hili lafaa kufanywa na vyama vingi kwa pamoja. Katibu asitoe hata senti kabla ya azimio la Mkutano Mkuu, lililoandikwa katika kumbukumbu pamoja na madhumuni, jina la mpokeaji na tarehe ya taarifa ya matumizi. Mpokeaji asiyekubali kutoa taarifa hiyo asipewe.

Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa uvimbe huu hukua kwa siku chache, lakini huweza kupona kwa dawa ukiwahiwa. Kutoka Tunduma hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, na azimio la mkutano laweza kutenga sehemu ya faida ya wakfu iwe nauli ya mtoto aliyevimba taya.