Tani moja ya dabo kebini

Dabo kebini ndilo gari ambalo watu wa Mtwara wanalitaka lifanye kila kitu. Siku za kazi lipeleke watoto shule na baba ofisini, msimu wa korosho lipande Tandahimba, mwisho wa wiki liingie kwenye mchanga wa Msimbati na familia nzima ndani. Na kwa kweli linaweza. Ndiyo maana mwenye duka pale Rahaleo akijipatia fedha ya kutosha hamalizii kwenye Noah. Macho yako kwenye Hilux, Ranger, D-Max, Navara au L200. Anapokuja gereji swali lake huwa moja: ipi ni imara zaidi? Mimi ningependa aanze na jingine: utabeba nini, na utambeba nani?

Pikapu za daraja hili zimetengenezwa kubeba takriban tani moja, na wengi wanaamini tani hiyo ni ya bodi ya nyuma peke yake. Sivyo. Ni uzito wote unaoongezwa juu ya gari tupu: dereva, abiria, mabegi yao, bampa la chuma lililofungwa mbele, karia, kava la bodi. Weka watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja, kilo 350 zimeondoka kabla hujafungua mlango wa nyuma. Toa nyingine 100 za bampa, karia na tairi la pili la akiba. Unabaki na kilo 550 hivi, ambazo ni gunia sita za korosho za kilo 80. Lakini barabarani tunaziona pikapu zenye watu watano ndani na gunia kumi na mbili nyuma, na juu ya gunia vijana wawili wameshikilia kamba.

Uzito wenyewe ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni mahali mzigo unapokaa. Kebini ya milango minne imekula nafasi, hivyo bodi imebaki na urefu wa mita moja na nusu tu, wakati pikapu ya kebini moja ina zaidi ya mita mbili. Bodi hiyo fupi imesukumwa nyuma, na sehemu kubwa ya mzigo inaangukia juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kabisa. Kila gurudumu linapozama shimoni, mzigo unaivuta chasisi chini kwa mkia. Chuma huvumilia, huvumilia, kisha hupinda, na hupindia palepale kebini inapoishia na bodi inapoanzia. Anayenunua gari lililotumika asimame ubavuni atazame ule mwanya kati ya kebini na bodi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chasisi hiyo imeshapinda. Rangi mpya na viti vya ngozi havitainyoosha.

Dawa inayokimbiliwa ni kuongeza vyuma kwenye springi za nyuma ili gari lisilale. Gari linanyanyuka, mwenye nalo anafurahi. Lakini Hilux nyingi za miaka ya nyuma, na pikapu nyingine za wakati wake, zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo. Kazi yake ni kupima jinsi gari lilivyolala: likilala, ina maana kuna mzigo, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi, likiwa juu, nguvu inapunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Ukilinyanyua kwa springi za ziada bila kuirekebisha fimbo ile, valvu inaamini gari ni tupu. Hapo unashuka mteremko wa Newala na tani nzima mgongoni huku breki za nyuma zikifanya kazi ya gari tupu. Fundi akikuongezea springi, muulize ameifanyia nini valvu hiyo. Swali hili naliona muhimu kuliko bei ya springi zenyewe.

Springi hizi za vyuma vilivyopangwa tabaka ndizo pia zinazofanya pikapu tupu iruke ruke na kuwatapisha watoto. Zimekazwa kwa ajili ya mzigo, na mzigo haupo. Nyuma pakiwa pepesi hivyo, lami ikilowa mvua ya kwanza mkia unateleza upesi kwenye kona. Watengenezaji wengine wamejaribu njia tofauti: Navara ya kizazi kilichotoka 2014 iliwekewa springi za koili nyuma kwenye dabo kebini nyingi, na abiria wa kiti cha nyuma anaiona tofauti. Kwa familia inayobeba mizigo ya wastani ni chaguo zuri. Kwa gunia za korosho kila wiki, ningebaki na vyuma vya tabaka.

Kimo cha gari nacho kina gharama yake. Mwaka 2016 jarida la magari la Sweden, Teknikens Värld, liliijaribu Hilux mpya kwa kuikwepesha ghafla kama dereva anayemkwepa mnyama, na magurudumu ya upande mmoja yakanyanyuka. Toyota walifanya marekebisho, na jaribio la baadaye likaenda vizuri. Kwetu wanyama wa kukwepa ni mbuzi na bodaboda, na magari mengi tuliyonayo ni ya zamani kuliko hilo.

Pamoja na yote hayo, sijaona gari jingine linalofaa njia zetu kwa upana huu. Bodi na kebini zimekalia chasisi ya ngazi inayojitegemea, hivyo misukosuko ya njia haiuchoshi mwili wa gari. Ukivuka Madimba kwenda Msimbati na Ruvula, fowili na gia nzito zinakutoa mahali ambapo gari dogo lingengoja kusukumwa. Ila mchanga unashindwa kwa upepo wa tairi kwanza, injini baadaye. Punguza mpaka PSI 18 hivi, tairi litanuke na kukanyaga eneo kubwa, uende polepole bila kukata kona kali, kisha ujaze tena kabla ya kurudi lami. Na ukifika lami kavu, toa fowili. Pikapu nyingi hazina difu ya katikati, kwa hiyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yanalazimishwa kwenda mwendo mmoja hata kwenye kona, na kinacholipa ni gia boksi na shafti.

Adui mkubwa wa pwani hii ni chumvi. Watu wanapenda kuendesha ufukweni Msimbati maji yakitoka, na picha zinapendeza. Jioni gari linaoshwa juu, linang'aa, wakati chini mchanga wenye chumvi umeingia ndani ya chasisi kupitia matundu yake na kuganda juu ya ekseli ya nyuma, mahali jua halifiki. Marekani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, Toyota walikubali mwaka 2016 kumaliza kesi ya chasisi za pikapu zao zilizoliwa na kutu, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kwa hiyo jina kubwa halizuii kutu. Mpira wa maji baridi uelekezwe ndani ya matundu yale, siku hiyohiyo, mpaka maji yatoke safi. Na kwa kuwa Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, nyingi zilizotumika hutoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza. Ya Uingereza, ambako nako barabara humwagiwa chumvi, igongwe chini kwa nyundo ndogo kabla hujalipa. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti nzito iliyokufa, na wakati mwingine nyundo inabaki na vumbi jekundu.

Anayeishi kwa kubeba korosho au samaki, achukue kebini moja: bodi ni ndefu, mzigo unakaa vizuri zaidi na bei huwa nafuu. Mwenye familia asiyetoka lami zaidi ya mara chache kwa mwaka, gari la kawaida litamtunzia fedha ya mafuta na migongo ya watoto. Dabo kebini ni ya yule anayehitaji vyote viwili kweli, mfano bwana shamba, mkandarasi, au mfanyabiashara mwenye shamba Nanyamba na watoto shuleni mjini. Huyo nitamsihi jambo moja tu: watu wakiwa watano ndani, gunia zisizidi sita, na zipangwe kuanzia mbele, zikiegemea ukuta wa kebini.