Maporomoko ya Boyoma: Kikwazo kwa Nani?

Mwanafunzi wa Jiografia katika shule zetu akiulizwa habari za Mto Kongo, aghalabu hujibu kwa takwimu: kwamba una urefu wa kilomita 4,700 hivi, kwamba huvuka Ikweta mara mbili, na kwamba kwa wingi wa maji hushindwa na Amazon peke yake. Akiulizwa juu ya maporomoko yake, hutoa sentensi moja aliyoikariri: ni kikwazo cha usafiri. Hupata maksi zake, akaketi.

Jawabu hilo si la uongo. Lakini ni jawabu la msafiri, si la mwenyeji. Yafaa mwalimu amrudishie mwanafunzi swali jingine: kikwazo kwa nani?

Tuchukue mfano wa maporomoko ya Boyoma, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo enzi za ukoloni yaliitwa kwa jina la Stanley. Ni maporomoko saba yanayofuatana kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, kutoka Ubundu hadi Kisangani. Katika mwendo huo mto, ambao huko juu huitwa Lualaba, hushuka mita 60 hivi. Meli haipiti. Ndiyo sababu watawala wa kikoloni walijenga reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906, ili mizigo iyakwepe maji hayo.

Lakini kwa Wagenya, wavuvi waishio kwenye poromoko la mwisho jirani na Kisangani, maji yayo hayo ndiyo shamba na ghala. Wavuvi hawa husimika magogo marefu katika mashimo ya mwamba, katikati ya mkondo, wakayaunga kwa mimea itambaayo ya msituni hata yakawa jukwaa refu. Kwenye jukwaa hilo huning'iniza migono mikubwa yenye umbo la pia, mdomo ukiuelekea mkondo. Samaki husukumwa ndani, na kasi ya maji humnyima nafasi ya kugeuka. Nguvu ile ile iizuiayo meli ndiyo imnasayo samaki. Wahenga walinena kwamba penye mawimbi na milango i papo. Wagenya wameujua mlango huo kwa vizazi vingi.

Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni, bali ni elimu. Mvuvi hana budi kujua mto hupanda na kupungua majira gani, ni mwamba upi utakaostahimili uzito, na mgono uzamishwe kiasi gani. Mahali pa kutegea nako si pa kila ajaye. Familia na koo zina haki zao zinazorithiwa. Kijana hujifunza kwa kuwafuata wakubwa juu ya magogo yanayotetema, na makosa ya huko hayasahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Tena tazama jinsi mto ulivyofungamana na msitu. Magogo, kamba, migono na mitumbwi, vyote hutoka msituni. Anayeumaliza msitu kwa mbao na makaa humvunjia mvuvi jukwaa, ijapokuwa hajagusa tone la maji.

Msomaji asidhani watu hawa hawatuhusu. Kisangani Kiswahili husemwa pamoja na Kilingala. Kilifika huko na misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliteuliwa na Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1887 kuwa liwali wa eneo la maporomoko haya. Lugha tunayojivunia iliteremka mto huo pamoja na minyororo. Kwa sababu hiyo, tunapowataja wenyeji wa mto huo katika madarasa yetu, deni dogo kabisa tunaloweza kulilipa ni kuwajua kama watu.

Sisemi kwamba maisha yao ni pepo. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Kisangani kwa siku sita, na raia wengi wakauawa katika vita visivyokuwa vyao. Mji huo sasa una watu zaidi ya milioni moja wanaohitaji kitoweo, na njaa hiyo huleta nyavu zenye matundu madogo zinazokomba hata vifaranga vya samaki. Mgono huacha wengi wapite wakazaliane. Wavu wa aina hiyo hauachi kitu. Umaskini nao humfanya mtu ale mbegu aliyopaswa kuipanda.

Basi mwalimu afanye nini? Asizitupe takwimu, kwa kuwa mtihani utaziuliza. Azifundishe, kisha aulize: mto huu humlisha nani, kwa ujuzi gani, na nani atapata hasara ukibadilishwa? Mwanafunzi wa leo ndiye mhandisi na waziri wa kesho. Aliyefundishwa kuona kikwazo tu, siku moja akipewa baruti ataulipua mwamba bila kuuliza ni wa nani. Aliyefundishwa kuuliza huenda akajenga anachotaka kujenga, na bado mgono ukabaki na mahali pa kuning'inia.