Dari la boriti likianza kulegea

MWENYE nyumba ya kale mjini Lamu au katika Mji wa Kale wa Mombasa anapoona dari limebonyea na unga wa mbao ukidondoka kitandani, aghalabu wazo la kwanza humwendea fundi na gharama yake. Mafundi waliobobea katika ujenzi wa mawe ya matumbawe na chokaa ni wachache, na waliopo wengi walijifunza kwa saruji na nondo. Ndiyo maana wapo wanaoamua kuifanya kazi hiyo wenyewe.

Inawezekana, ila kwanza ruhusa itafutwe. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata Mombasa majengo ya kale yanalindwa kisheria. Ni heri kubisha hodi katika afisi za Makavazi ya Kitaifa kabla ya kubomoa chochote.

Dari la nyumba hizo hushikiliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vya kale viwe vyembamba. Juu yake hupangwa mawe, kisha sakafu nzito ya chokaa. Boriti haianzi kuoza katikati. Huanzia nchani, pale ilipozama ukutani, kwa kuwa ukuta una unyevu. Basi kubadilisha boriti bila kuziba njia ya maji, iwe ni paa linalovuja au bomba la jirani, ni kupoteza fedha.

Uzito wa sakafu hiyo si wa kuchezea. Dari hutegemezwa kwanza kwa vigogo imara pande zote mbili za boriti mbovu, nacho chumba cha juu kihamwe. Kisha hutolewa boriti moja tu, nyingine ikaingizwa na kukazwa, ndipo ifuatayo iguswe. Ukuta ukionekana umepasuka au kupinda, mwenyewe aweke chini vyombo na kumwita mhandisi.

Kosa kubwa zaidi hutendeka wakati wa kumalizia. Saruji hukauka haraka na huonekana imara, lakini huzuia ukuta wa matumbawe kupumua. Unyevu hunaswa ndani pamoja na chumvi, jiwe likamomonyoka nyuma ya plasta inayong'aa, na ncha za boriti mpya zikaanza kuoza tena. Chokaa hupitisha unyevu huo. Hupakwa kwa matabaka membamba, ikinyunyiziwa maji isikauke upesi, na mchanga wake usiwe wa ufuoni, wenye chumvi.

Chokaa ambayo haijazimwa kwa maji huchoma ngozi na yaweza kupofusha macho, hivyo glavu na miwani ni lazima, nao watoto wakae mbali na pipa.