Je, Wajua? Mchezo wa Baba na Mama Una Ndugu Yake wa Mezani

Je, wajua kwamba mchezo wa baba na mama, ambao watoto huucheza kwa vikopo na mchanga, una ndugu yake wa mezani? Mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons: mmoja husimulia, wengine huwa wahusika, dadu huamua.

Kwa mtoto mdogo wa Nsemulwa, Mpanda, dadu moja ya ludo yatosha kucheza mchezo wa namna hii. Mwambie: “Kiboko amekuzibia njia Mto Katuma. Utafanyaje?” Kisha arushe dadu: akipata nne au zaidi, amefaulu; ikipungua, hadithi hugeuka, haiishi. Hapo hujifunza kuhesabu, kungoja zamu na kusaidiana. Jioni ya leo, anza: Hadithi, hadithi!