Mganga hajigangi: Mtaalamu wa afya ya akili anapougua

Msomaji wangu, wahenga walisema mganga hajigangi. Daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia au mshauri nasaha anayekuhudumia wewe au mtoto wako naye ni binadamu. Anaweza kupata sonona, kuzidiwa na pombe au kuwa tegemezi wa dawa za usingizi. Mara nyingi yeye mwenyewe huwa wa mwisho kukubali kwamba anaumwa.

Sababu zipo. Kila siku husikiliza habari za misiba, ukatili na watu waliotaka kujiua, na taaluma haimruhusu kuzisimulia ovyo. Akianza kuyumba, huona aibu kutibiwa na wenzake na huogopa kupoteza leseni. Basi hujificha, na anayeumia ni mgonjwa.

Wenzake wanavyomsaidia

Marekani jambo hili lilisemwa waziwazi mwaka 1973, Chama cha Madaktari cha nchi hiyo kilipotoa ripoti kuhusu daktari mgonjwa. Baadaye karibu kila jimbo lilianzisha programu ya kuwasaidia madaktari wa aina zote, wakiwemo wa magonjwa ya akili. Baadhi hupokea pia wanasaikolojia na wauguzi. Jijini London, huduma ya siri kwa madaktari na madaktari wa meno ilianza mwaka 2008.

Katika programu za Marekani, mtaalamu hujipeleka mwenyewe au hupelekwa na mwenzake aliyeona dalili. Huchunguzwa na watu wasiofanya naye kazi. Ikibidi, husimama kazi na kutibiwa. Mwenye tatizo la pombe au dawa za kulevya husaini makubaliano, mara nyingi ya miaka 5: hupimwa mkojo bila kujulishwa mapema, huhudhuria vikao na wenzake, na mtu kazini humfuatilia. Akivunja masharti, baraza linalotoa leseni hujulishwa.

Je, njia hii hufanya kazi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia madaktari 904 katika programu 16 za Marekani, wote wakiwa na tatizo la pombe au dawa. Takriban wanane kati ya kumi wa wale ambao matokeo yao yalijulikana walimaliza matibabu na kurudi kazini chini ya uangalizi.

Pengine unajiuliza kama usiri huo hauwakingi wakosaji. Swali ni la haki. Ugonjwa unatibiwa, lakini mtaalamu aliyemshika mgonjwa kingono, kumpiga au kumwibia ametenda kosa. Huyo hushtakiwa kwa vyombo vya sheria na baraza lake. Kumpeleka kwenye matibabu pekee hakutoshi.

Wewe ufanye nini?

Kuchelewa siku moja au kuonekana mchovu si ushahidi wa ugonjwa. Angalia mambo yanayojirudia: harufu ya pombe, kusinzia mkiwa katikati ya mazungumzo, kusahau kabisa uliyomweleza, hasira zisizo na sababu, kuandika dawa kwa makosa, au kutumia muda wako kukueleza matatizo yake.

Ukiyaona, usibishane naye na usimtangaze mitandaoni. Andika tarehe na ulichokiona, kisha umwone mkuu wa kitengo au uongozi wa hospitali. Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwenye baraza la taaluma yake. Usijione msaliti: huenda neno lako ndilo litakalomfikisha kwenye matibabu kabla hajamdhuru mtu.

Mzazi, muulize mtoto kwa upole mambo yalivyokwenda kila anapotoka kwa mshauri. Mwambie kwamba hakuna mtaalamu anayeruhusiwa kumwambia, "Usimwambie mama."

La mwisho ni muhimu sana: usiache dawa ghafla kwa kuwa umepoteza imani na aliyeziandika. Kuacha ghafla dawa za sonona au za degedege kunaweza kukuletea madhara makubwa. Omba kuhamishiwa kwa mtaalamu mwingine, na uende na kadi yako pamoja na dawa zote unazotumia. Kubadilishiwa mtaalamu ni haki yako, na wala huna haja ya kuomba radhi.

Tukutane wiki ijayo.