Malalamiko Dhidi ya Polisi: Mwananchi Aende Wapi?

Jeshi la Polisi haliko chini ya halmashauri. Kwa hiyo diwani au mtendaji wa kata hana mamlaka ya kumwadhibu askari aliyempiga mtuhumiwa au aliyedai fedha ili atoe dhamana. Aliyetendewa hivyo anaweza kulalamika kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Iwapo anasita kumshtaki askari kwa askari wenzake, ipo njia nyingine.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa Ibara ya 129 ya Katiba na kuongozwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 2001, hupokea malalamiko hayo bila malipo. Ndugu anaweza kulalamika kwa niaba ya aliye mahabusu. Tume haimfukuzi askari kazi. Huchunguza, hutoa mapendekezo, na yaweza kufungua shauri mahakamani. Haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani.

Malalamiko yasiyo na ushahidi huwa magumu kuchunguzwa. Mlalamikaji aandike mapema jina au namba ya askari, kituo, tarehe, saa na mashahidi. Aliyejeruhiwa ahifadhi nakala ya PF3 na vyeti vya hospitali.