Wiki ya Programu Huria Haijiandiki Yenyewe

Kadi ya Wi-Fi haisomeki, printa imegoma: ukiitafutia Linux dawa mtandaoni, mara nyingi utatua ArchWiki, wiki ya Arch Linux, hata kama kompyuta yako ina Ubuntu au Debian. Mradi huo ulianza mwaka 2002 na unaendeshwa na watu wa kujitolea, lakini nyaraka zake zinayashinda makampuni mengi yenye fedha. Zimeandikwa na watumiaji wenyewe kwa MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia. Aliyewahi kubonyeza "Hariri" kwenye Wikipedia ya Kiswahili hatapata taabu.

Miradi mingi huona mfano huo, ikafungua wiki, ikakaa kusubiri. Wanaowahi kufika ni waharibifu, ingawa hao hawanitishi: kila badiliko limo kwenye historia ya ukurasa, na kulitengua ni kazi ya dakika moja. Ninaouogopa ni ukurasa uliokuwa sahihi miaka mitano iliyopita. Amri zake bado zinapendeza machoni. Msomaji anazinakili, anawasha upya, na mashine haiwaki. ArchWiki hubandika bango juu ya sehemu kama hiyo: maelezo yamepitwa na wakati, au usahihi wake unabishaniwa, pamoja na sababu na kiungo cha majadiliano. Kwangu mimi anayebandika bango hilo anastahili shukrani kuliko anayeanzisha ukurasa mpya.

Halafu kuna boti za matangazo. ArchWiki iliwahi kumpa kila anayejisajili amri ya pacman, programu ya Arch ya kusakinisha vifurushi, aiendeshe na kuandika jibu lililotoka. Boti ya kuuza dawa haina pacman. (Wala mtumiaji wa Windows hana, lakini sidhani kama kuna aliyekosa usingizi kwa hilo.)

Programu ya wiki nayo huwa na mianya. Mwaka 2012 wavamizi waliingia kwenye wiki za Debian na Python kupitia udhaifu wa MoinMoin, programu iliyoziendesha, na Debian ikalazimika kubatilisha nywila za watumiaji wote wa wiki yake. Kwa hiyo wiki ikae kwenye seva yake, mbali na faili za kupakua. Namba ya toleo jipya na sahihi za kuthibitisha faili zisiguswe na kila mpita njia. Zikae kwenye Git pamoja na msimbo, ambako badiliko hukaguliwa kabla ya kupokelewa. Wiki ibebe yale ambayo wasanidi hawawezi kuyajua wote: laptop gani inasumbua, na aliyefanikiwa alifanyaje.

Nakala za akiba zishikwe na zaidi ya mtu mmoja. Wiki isiyo rasmi ya Gentoo, mfumo mwingine wa Linux, ilipopoteza hifadhidata yake mwaka 2008, watu walibaki kuokoteza kurasa kwenye akiba za injini za utafutaji.